Visu vipya vinatafuna majani badala ya kukata: angalia mwanya kabla ya kununua vingine

Dada wa Mukono, umeuliza kwa nini mashine yako ya kukatia majani ya ng'ombe inatafuna bisagazi (majani ya tembo) na kuacha nyuzi ndefu, na visu umevifunga vipya wiki tatu tu zilizopita. Umesema vilianza vizuri, vikasenea, fundi akavinoa kwa grainda pande zote mbili, na tangu hapo hakuna raha. Usitoe hela ya jozi nyingine bado. Chuma chako huenda hakina tatizo lolote. Kilichoharibika ni unoaji, na mwanya, yaani nafasi kati ya visu, haujarekebishwa.

Mashine hii haikati kama panga, inakata kama mkasi. Kisu kilichofungwa kwenye gurudumu kinapita karibu kabisa na kisu cha chini ambacho hakisogei, na jani linakatika likiwa limebanwa kati ya vyuma viwili. Ndiyo maana kisu kina upande mmoja wenye mteremko na upande mwingine bapa kabisa, na ule bapa ndio unaotazama kisu cha chini. Fundi akishauchonga upande bapa, hata kwa milimita moja, ukali wenyewe umerudi nyuma. Shina linaingia kwenye ile nafasi, linapinda, linaburutwa. Muulize fundi cherehani yeyote: mkasi ulionolewa upande wa ndani haukati kitambaa tena, unakikunja.

Kwa hiyo unoe upande wa mteremko peke yake, mpaka ile sehemu iliyochongwa kwenye ubapa iishe. Utapoteza chuma kidogo, lakini kisu kitapona.

Kabla ya kufungua, chomoa plagi ukutani, usitegemee swichi. Gurudumu ni zito, linaendelea kuzunguka baada ya mota kuzimwa, kwa hiyo subiri litulie kisha lizuie kwa kipande cha mbao. Weka alama kwenye kila kisu na mahali pake, 1 na 1, 2 na 2. Visu vikibadilishana viti utaanza kurekebisha upya kutoka sifuri.

Sasa pembe. Digrii 20 hadi 25 zinafaa kwa bisagazi na mabua ya mahindi. Huna kipimo cha pembe? Tumia rula. Kisu chenye unene wa milimita 6, mteremko wake ukiwa na upana wa milimita 14, hiyo ni digrii 25. Ukifika milimita 17 au 18 uko kwenye digrii 20. Ukikuta milimita 10 au 11, kisu ni kinene mno makalini: kinaponda, na mota inanguruma. Ukizidi milimita 20, makali ni membamba, yatamegeka kwenye bua gumu la kwanza. Paka wino wa makapeni kwenye mteremko wote kabla ya kuanza. Wino ukifutika sawasawa kuanzia juu hadi chini, unafuata pembe. Ukifutika ukingoni tu, umeinua mkono.

Grainda ndogo ya mkono inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na hapo ndipo visu vingi vinapofia. Tumia diski ya msasa wa majani-majani namba 80, kisha 120, usitumie jiwe nene la kuondolea matuta ya kuchomelea. Funga kisu kwenye jiriwa, pitisha diski urefu wote wa kisu bila kusimama mahali pamoja, kisha kimwagie maji. Pitisha tena, mwagia tena. Kama kidole hakivumilii kugusa chuma, umechelewa kumwagia. Angalia rangi: makali yakigeuka manjano ya majani makavu, joto limefika digrii 220 hivi, simama. Yakiwa buluu yamefika karibu 300, na ugumu aliotia mtengenezaji umepungua. Kisu cha namna hiyo kinanoleka vizuri sana na kinasenea siku hiyo hiyo, mtu analaumu duka. Dawa ni kuchonga taratibu, kwa maji mengi, mpaka upite sehemu yote iliyoungua.

Ni lini uache kunoa? Pitisha kidole upande wa ubapa, kutoka mgongoni kuelekea makalini, usipitishe kamwe kwa kufuata urefu wa makali. Utahisi kiukingo chembamba cha chuma kinachokwaruza ngozi. Kikisikika kuanzia mwanzo wa kisu hadi mwisho, mteremko umekutana na ubapa kila mahali. Pasipokwaruza bado hapajafika. Kisha laza jiwe la kunolea bapa kabisa juu ya ubapa, lenye mafuta kidogo, upitishe mara tano au sita kukiondoa. Jiwe lisiinuke hata kidogo. Hiyo ndiyo kazi pekee inayoruhusiwa upande huo.

Halafu pima uzito. Hapa wengi wanaruka, na mimi nadhani ndiyo sababu kubwa ya beringi kufa mapema. Weka visu kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali, kimoja baada ya kingine. Tofauti ya gramu 20 inaonekana ndogo, lakini kisu kikiwa sentimita 20 kutoka katikati ya gurudumu linalozunguka mara 800 kwa dakika, tofauti hiyo inavuta ekseli kwa nguvu ya karibu kilo 3, ikibadili upande mara 13 kila sekunde. Mashine inatembea sakafuni, nati zinalegea. Punguza kisu kizito mgongoni, usiguse makali, mpaka vilingane ndani ya gramu mbili au tatu. Hata visu vipya kutoka kiwandani vipimwe. Na ukibadilisha kimoja, badilisha vyote.

Kufunga. Safisha kiti cha kisu kwa brashi ya waya, maana punje moja ya uchafu chini ya kisu inakiinua upande mmoja. Bolti ziwe ngumu, zenye namba 8.8 kichwani. Bolti laini ya kuokoteza inarefuka, kisu kinasogea, na kisu kinachochomoka kwenye gurudumu kinaweza kuua. Kaza kwa mkono kwanza, rekebisha mwanya, kisha kaza kabisa.

Lakini kabla ya kupima mwanya, shika gurudumu kwa mikono miwili ulisukume mbele na nyuma kwa kufuata ekseli. Likicheza, acha kila kitu ushughulikie beringi au kola yake. Mwanya uliopima kwenye gurudumu linalocheza ni wa uongo, na siku moja kisu kitakipiga kisu cha chini.

Mwanya unaotakiwa ni milimita 0.3 hadi 0.5. Fundi wa bodaboda ana geji ya kupimia valvu, mwazime: kibamba chake cha 0.3 kipite, cha 0.5 kikwame. Bila geji, karatasi ya fotokopi ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hiyo karatasi tatu ziingie, tano zikatae. Pima mwanzo, katikati na mwisho wa kila kisu, ukizungusha gurudumu kwa mkono polepole. Kisu kikiwa na mwanya sahihi mwanzoni na milimita moja mwisho, utaona majani ya upande mmoja wa mdomo yametoka na nyuzi. Ukishakaza bolti pima tena, kwa sababu kukaza kunakisogeza kisu.

Kisu cha chini nacho kinasahaulika kabisa. Kingo yake inatakiwa iwe kali, yenye kona kamili. Ikiwa imekuwa duara kama ukingo wa sarafu, hata wembe juu yake hautakata. Kwenye mashine nyingi ni chuma chenye kingo zaidi ya moja, unakifungua na kukigeuza upande ambao haujatumika. Angalia hilo leo, dada, huenda likakusaidia zaidi ya grainda yote.

Kuhusu visu vya mafundi wa Katwe na Kisenyi, Kampala, vilivyotengenezwa kwa springi za gari: chuma chake ni kizuri, swali ni kama kimetiwa ugumu. Beba tupa unapokwenda. Pitisha karibu na makali. Ikila chuma kwa urahisi kama inakata msumari, kisu ni laini. Ikiteleza na kuuma kidogo tu, nunua. Kama ni laini, mwombe fundi akipashe moto hadi sumaku isikivute, akizamishe kwenye mafuta, kisha akipashe tena kidogo hadi rangi ya manjano. Asikizamishe kwenye maji, springi hupasuka.

Matunzo ya kila siku ni mafupi. Kinachosenesha visu ni mchanga, kwa hiyo kata bisagazi juu kidogo ya ardhi, kung'uta mashina, na usiyalaze kwenye udongo. Ukichanganya maganda ya matooke kutoka sokoni, yamwage kwanza kwenye turubai uyapitie kwa sumaku. Waya uliojificha humo hauharibu visu tu. Ng'ombe akimeza kipande kilichokatwa kifupi, kinatua kwenye tumbo la pili, kinaweza kutoboa hadi kwenye moyo, na hapo unapoteza mnyama. Jioni futa utomvu kwa kitambaa kibichi, kausha, paka mafuta ya kupikia. Oili chafu ya gari usipake, kesho yake inaingia kwenye chakula.

Kwa ng'ombe wanne unapitisha kama kilo 200 hadi 280 za majani mabichi kwa siku. Kwa kazi hiyo, pitisha jiwe la mkono mara moja kwa wiki, kisu kikiwa kimefungwa na plagi imechomolewa. Grainda iwe kila wiki sita hadi nane, au mapema kisu kikimegeka. Vipande vikitoka vya sentimita 2 hadi 5 vyenye mkato safi, usiguse kitu.

Na kisu kinaisha lini? Bolti zikifika mwisho wa tundu ndefu za kisu na bado karatasi tano zinapita kwenye mwanya, hakuna chuma cha kusogeza tena. Hapo ndipo ununue jozi, na uende na cha zamani mkononi ili upime umbali wa tundu kwa tundu kabla ya kulipa.