Mgao wa klabu iliyomlea mchezaji

SWALI: Mshambuliaji wa Tanzania Mbwana Samatta alipohama Genk ya Ubelgiji kwenda Aston Villa ya Uingereza Januari 2020, klabu zilizomlea huku nyumbani zilistahili chochote?

JIBU: Ndiyo. Kanuni za FIFA zinakata asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa na kuzigawia klabu zilizomlea mchezaji tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada. Wa 16 hadi 23, asilimia 0.5. Ada ikiwa euro milioni 10, klabu iliyokaa naye misimu miwili akiwa na miaka 17 na 18 inapata euro 100,000. Kwa Samatta, African Lyon na Simba za nyumbani, na TP Mazembe ya Kongo, zote zimo katika njia hiyo.

Pesa hupotea kwenye usajili. Kijana anacheza misimu mitatu bila jina lake kuingizwa kwenye mfumo wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania, basi kwa FIFA hakuwahi kuwa mchezaji wa klabu yenu. Inauma sana, maana kazi mliifanya kweli. Msajilini kila msimu, tarehe za kuanza na kumaliza zikiwa sahihi. Akiondoka bure mkataba ukiisha, hakuna ada, hivyo hakuna mgao.