Kichefuchefu kina saa yake

Barua za mwezi huu zimenirudisha kwenye benchi la mbao nje ya dirisha la dawa, nilikofanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi. Tangu Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ianze kutoa methadoni mwaka 2011, dawa ya kunywa kila siku inayomsaidia mtu kuachana na unga, yaani heroini, kisha hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata, maelfu ya watu waliokuwa wakitumia unga wamepita kwenye madirisha kama lile. Walionitia uchungu zaidi ni waliokuwa na nia ya kweli, wakashindwa na tumbo katika wiki ya kwanza, wakarudi maskani, kwenye vijiwe vya unga. Kwa hiyo leo najibu maswali ya kichefuchefu tu. Nina ombi moja kabla sijaanza: ukimwendea daktari na shida hii, usimwambie "natapika" ukaishia hapo. Mwambie ni saa ngapi.

*Nina siku ya tano tangu nianze methadoni Temeke. Nikinywa najisikia vizuri, ila nikipanda daladala kurudi Mbagala natapika karibu kila siku. Wenzangu wanasema mwili umeikataa dawa. Niache? (Kijana wa Mbagala)*

Usiache, mwanangu. Mwili haujaikataa. Methadoni ni ya ukoo mmoja na heroini na mofini, na dawa za ukoo huo huamsha sehemu ya ubongo inayoagiza kutapika, hulegeza tumbo chakula kikachelewa kushuka, tena hukifanya kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio kiwe chepesi kushtuka. Hilo la mwisho ndilo linalokusubiri kwenye daladala. Breki, kona, joto, watu wamekuegemea: hata mtu asiyetumia dawa yoyote huchefukwa, sembuse wewe.

Wagonjwa walionisimulia jinsi walivyovuka siku hizo walikuwa na mbinu zinazokaribiana. Hawakuja na njaa. Walikunywa uji mwepesi au walikula mkate mkavu kabla ya kufika dirishani, chapati ya mafuta wakaiacha hadi mchana. Wakishameza dawa walikaa benchini nusu saa au zaidi. Garini walitafuta siti ya mbele karibu na dirisha, macho barabarani, simu mfukoni. Dada mmoja aliniambia kuhama siti ya nyuma peke yake kulimpunguzia nusu ya shida. Wakifika nyumbani walijilaza na kutulia kwa muda, maana kila ukijigeuzageuza kichefuchefu kinaamka.

Kwa wengi hali hii hupungua ndani ya wiki moja au mbili, ingawa inaweza kurudi kwa siku chache kila dozi inapopandishwa. Dozi ya kwanza huwa ndogo, kwa kawaida haizidi miligramu 30, na wengi hupandishwa polepole hadi kati ya miligramu 60 na 120. Haraka haifai kwa sababu methadoni hukaa sana mwilini, ya jana ikakutana na ya leo. Kwa hiyo nawaomba mnaoishi naye mlijue hili: akitapika huku ana usingizi mzito, anakoroma isivyo kawaida, midomo imebadilika rangi au anaitwa haitiki, hicho si kichefuchefu tena. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

*Nilitapika nyuma ya ukuta wa kliniki dakika chache baada ya kunywa. Nikarudi kuomba nyingine, mhudumu akakataa. Kwa nini tunaonekana waongo siku zote? (Msomaji wa Tanga)*

Kaka, maumivu ya kutosadikiwa nayajua, maana nimeyaona usoni mwa wengi. Mhudumu aliyekukatalia angeweza kulisema hilo kwa upole zaidi. Lakini sababu yake ni ya kweli: hakuona ulichotapika, na hana namna ya kujua ni kiasi gani kilichobaki ndani. Akikupa dozi nzima juu ya dozi ambayo huenda imeshaingia, anaweza kukuua. Ukitapika mbele yao dakika za mwanzo, daktari anaweza kuamua kurudia yote au sehemu. Nusu saa ikishapita, sehemu kubwa huwa imeshapenya na hairudiwi.

Kwa hiyo siku unayojisikia vibaya, kaa wanapokuona. Waambie kabla ya kunywa kwamba tumbo halijatulia. Dozi inaweza kunywewa taratibu, funda kwa funda. Na ukiikosa kweli, tafadhali usiizibe kwa kete ya unga. Methadoni ya jana bado imo mwilini, na unga juu yake ndio unaozima pumzi. Kesho asubuhi utapata dozi yako, na usiku mmoja mgumu unavukika.

*Nipo kwenye methadoni mwaka wa pili, miligramu 80, sina shida. Nimeanza dawa za kifua kikuu wiki tatu zilizopita. Sasa kila alfajiri saa kumi naamka na kichefuchefu, miayo, makamasi na kuharisha. Nimeambiwa dozi imenizidi. (Mzee wa Kinondoni)*

Shikamoo mzee. Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike habari ya saa. Kichefuchefu cha dozi iliyozidi huja saa chache baada ya kunywa, pamoja na kusinzia. Cha kwako kinakuja alfajiri, dozi ya jana ikiwa inaishia, na kimefuatana na miayo na makamasi. Hiyo ni arosto, yale mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea, nawe unaijua kuliko mimi. Dozi yako imepungua nguvu, ingawa miligramu ni zilezile.

Anayeipunguza ni rifampisini, dawa iliyomo kwenye vidonge vya kifua kikuu, ile inayofanya mkojo uwe wa rangi ya chungwa. Hulichochea ini kuivunja methadoni haraka, na baada ya wiki moja au mbili mtu anajikuta amebaki na kiasi kisichofika asubuhi. Efavirenzi, mojawapo ya dawa za virusi vya UKIMWI, hufanya hivyohivyo. Nimeshuhudia watu wakiacha vidonge vya kifua kikuu kwa sababu hii, wakidhani ndivyo vinavyowachefua. Ni hatari kwao na kwa walio nyumbani. Endelea navyo, mzee wangu. Kesho beba kadi ya kifua kikuu uionyeshe kliniki ya methadoni, wapandishe dozi hatua kwa hatua. Na siku utakayomaliza vidonge, warudie tena: ini litapoa kwa wiki kadhaa, na dozi iliyopandishwa itahitaji kushushwa, la sivyo itakuzidi kweli.

*Naweza kununua Phenergan au Plasil duka la dawa nikatuliza tumbo? (Bila jina, Mwanza)*

Usijinunulie. Phenergan huongeza usingizi juu ya usingizi wa methadoni, na baadhi ya dawa za kuzuia kutapika zinaweza kuvuruga mapigo ya moyo zikikutana nayo. Daktari anayejua dozi yako ndiye wa kuchagua.

Nakuuliza swali ambalo watu wengi huona aibu kulijibu: choo je? Methadoni hufunga choo, na tofauti na kichefuchefu cha mwanzo, hili halizoeleki; linaweza kudumu muda wote wa tiba. Mtu aliyekaa siku nne bila kwenda haja huanza kujaa tumbo, chakula kinamrudi jioni, naye anatafuta dawa ya kutapika wakati anayohitaji ni ya kulainisha choo. Maji mengi, papai, mboga za majani, kutembea. Ikishindikana, kliniki wana dawa yake, na hawatakucheka.

*Shikamoo. Mke wa mwanangu ana mimba ya miezi mitatu na anakunywa methadoni. Anatapika asubuhi hadi dozi inatoka. Mimi namshauri aache ili amwokoe mtoto. (Mama wa Zanzibar)*

Marahaba dada yangu, na hongera ya mjukuu. Nakusihi usimwambie aache. Kukata methadoni ghafla katika ujauzito humtia mama arosto, na arosto inaweza kuharibu mimba au kumrudisha kwenye unga. Kwa mjamzito mwenye uraibu wa heroini, methadoni ndiyo njia salama kuliko kuacha kwa ghafla, na madaktari duniani wanakubaliana hivyo.

Kutapika kwake huenda ni kwa mimba yenyewe. Msaidie kwa vitu vidogo: biskuti kavu kabla hajainuka kitandani, tangawizi kidogo, harufu ya samaki imkae mbali. Aombe kwenda dirishani saa anayojijua ametulia. Daktari pia anaweza kuigawa dozi mara mbili kwa siku. Miezi ya mwisho huenda akahitaji kuongezewa, kwa kuwa mwili wa mjamzito huitumia dawa upesi. Mtoto akizaliwa anaweza kuwa na dalili za arosto, kutetemeka na kulialia. Hutibika hospitalini, basi ajifungulie huko na awaambie wakunga mapema. Kunyonyesha kwa kawaida anaruhusiwa. Na ukipata nafasi ya kumsindikiza kliniki, nenda naye. Wakwe wanaokaa kwenye lile benchi ni wachache, na nimeona jinsi wake za watoto wao wanavyotembea kwa kujiamini.

*Niko Minneapolis, natumia Suboxone ya kuweka chini ya ulimi. Siku ya kwanza nilitapika mpaka nikadhani nakufa. Sasa nachefukwa kidogo kila asubuhi. Ni kitu kimoja? (Mdogo wako ughaibuni)*

Ni vitu viwili, mdogo wangu. Siku ya kwanza pengine uliiwahi. Buprenofini iliyomo hung'ang'ania ubongo kwa nguvu kuliko heroini, ila husisimua kwa kiasi. Ikiingia kabla heroini haijaisha, huing'oa na kukaa mahali pake, na arosto yote inakuangukia kwa mkupuo. Ndiyo maana daktari husubiri dalili za arosto zijitokeze kwanza: kwa heroini saa 12 au zaidi, kwa methadoni muda mrefu kuliko huo, na fentanili, dawa kali ya ukoo huohuo, inaweza kuchelewa kuisha kwa aliyeitumia sana. Ikitokea ukaanza upya, mweleze daktari ulitumia nini mara ya mwisho na lini, bila kuficha.

Cha kila asubuhi wengi hukihusisha na mate machungu wanayoyameza. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kupenya chini ya ulimi. Ile inayomezwa haikusaidii sana, inakuchafua tumbo tu. Kunywa maji kidogo kabla ili ulimi ulowe, kaa wima, usizungumze mpaka iyeyuke yote. Wapo wanaotema mate baada ya hapo wakasema wanapata nafuu. Muulize daktari wako kwanza. Kisha suuza kinywa kwa maji, na mswaki usubiri dakika 60, kwa sababu mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa hii ikiyeyukia mdomoni inaweza kuharibu meno.