Soksi ya kubana mkono kwa warushaji wa kriketi: mimi iliniponza kabla ya kunisaidia

Mkuu mleta uzi, salaam kutoka Tanga. Umeuliza hivi: unarusha mpira wa kasi, kiwiko kinauma upande wa ndani, bega linakaza siku mbili baada ya mechi, na umeona soksi ya kubana mkono inauzwa mtandaoni shilingi 25,000. Ununue au uache? Na mdogo wako wa miaka 13 naye anaitaka yake. Waliotangulia kuchangia wamegawanyika, kuna wanaosema ni urembo na kuna wanaosema ni tiba. Mimi naivaa mwaka wa tatu sasa, na huo mwaka wa kwanza ilinitia hasara, kwa hiyo nivumilie nikieleza kirefu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia kitu gani. Zile soksi za mikono wanazovaa bodaboda kukinga jua siyo hizi. Ile ya jua ukiivuta inakuja tu kama shati la mtumba. Ya kubana inakataa, unaivalisha taratibu kama unavyovalisha mto foronya iliyopungua, na za maana zimeandikwa kiasi cha mgandamizo kwa milimita za zebaki, kipimo kilekile cha presha ya damu: 15 hadi 20, au 20 hadi 30. Ya kwangu ya kwanza haikuandikwa kitu. Nilimuuliza muuza duka saizi, akanitazama mkono akasema "wewe ni laji". Nikalipa.

Sasa kisa chenyewe. Mimi ni fundi seremala, karakana yangu iko mtaa wa Ngamiani. Kriketi nilifundishwa shuleni na sijaiacha. Tunacheza juu ya mkeka uliotandikwa kwenye zege, na anayejua anajua zege linavyorudisha kishindo mwilini kila unapotua mguu wa mbele. Mwaka ule Ramadhani nzima sikurusha mipira hata 30. Idi ikapita, tukaingia mashindano, mechi tatu ndani ya siku nane, na katikati mazoezi ya kurusha kwenye neti Jumanne na Alhamisi. Nilikuja kupiga hesabu baadaye sana: wiki ile nilirusha mipira karibu 240. Kutoka 30 kwa mwezi hadi 240 kwa wiki! Siku ya tisa nikashindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji.

Tanga wanasema waja leo waondoka leo. Maumivu yangu yalikuja leo, yakapanga chumba, yakakaa miezi saba.

Nikanunua soksi. Na hapa ndipo wengi wanapodanganyika, maana siku ya kwanza ilifanya kazi kweli. Mkono ulipata joto, ukawa kama umeshikwa na mtu, maumivu yakapungua nusu. Jumamosi ile nikarusha ova 10 (ova moja ni mipira sita), nikapata wiketi 4, yaani nikawatoa wapigaji wanne, nikatamba. Jumapili asubuhi mama alinikuta nanyanyua kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Jumatatu nikavaa tena nikaenda neti. Niliendelea hivyo wiki sita. Soksi haikuwa imetibu kitu chochote, ilikuwa imenipunguzia makelele tu, na mimi nilipoacha kusikia nikazidisha.

Maelezo yake ni haya, nilivyokuja kufafanuliwa na mtaalamu wa fiziotherapia (ningemfuata mapema ningeokoa hela). Ngozi ikibanwa, ubongo unapata habari nyingi zaidi za mahali mkono ulipo na unavyokwenda, na habari hizo zinashindana na habari za maumivu. Joto nalo linasaidia. Tafiti zilizopima nguo za kubana kwa wanamichezo zinaonyesha jambo dogo lakini la kweli: ukivaa baada ya kazi nzito, uchovu wa misuli unausikia umepungua kidogo siku moja au mbili zinazofuata. Kwamba inazuia kuumia, hilo halijathibitika. Halafu kuna mchango wa kuamini tu, nao usiudharau.

Ule mkazo wa bega siku ya pili usikutishe sana. Si ile "asidi" wanayotuimbia makocha, hiyo hutoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika. Bega linauma kwa sababu ukishauachia mpira, misuli midogo minne inayoshika fundo la bega ndiyo inayofunga breki mkono usichomoke, na misuli inayofunga breki huku ikivutwa ndiyo inayochanika vichaniko vidogo. Maumivu yake hupanda kati ya saa 24 na 72, kisha yanashuka yenyewe. Kwa hayo soksi inakufaa, japo ile ya kawaida inaishia karibu na kwapa na bega hailifikii kabisa. Wengi hamlioni hilo mpaka mshalipa.

Kiwiko cha ndani ni habari nyingine. Pale pana kano inayoshikilia misuli ya kukunja kiganja, na kano iliyochoka haiponi kwa kubanwa wala kwa kulazwa tu. Mimi nilijaribu yote. Mama alinichua kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu, raha yake ilikwisha kabla ya isha. Nikameza dawa za maumivu wiki tatu mfululizo mpaka tumbo likawaka moto. Zahanati moja wakanipiga sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, kwenye kiwiko. Mwezi mmoja nikawa mpya kabisa! Kisha yakarudi na ndugu zake. Nikaja kuambiwa kwamba kwa kano za kiwiko sindano hiyo inajulikana hivyo: wiki za mwanzo unapata nafuu kubwa, lakini ukitazama baada ya mwaka, waliochomwa mara nyingi wako nyuma ya wasiochomwa.

Kilichonifumbua macho ni swali moja la yule mtaalamu. Aliniuliza, "Kazini unashika nini?" Nikamwambia randa na bisibisi. Akanipa bisibisi hewani nimuonyeshe. Nikazungusha mara kumi, kiwiko kikawaka palepale kinapowaka nikirusha. Yaani nilikuwa navaa soksi Jumamosi kuulinda mkono, halafu Jumatatu hadi Ijumaa nafunga bawaba za milango ya mninga kwa bisibisi ya mkono, skrubu 60 kwa siku. Mkono hauna daftari mbili, moja ya kriketi na moja ya kazi. Kwa hiyo mkuu, kabla ya hiyo 25,000 hujatuambia kazi yako. Unaendesha bajaji? Unakata chuma? Unabeba mizigo bandarini? Hiyo nayo ihesabu.

Nilichofanya. Nilinunua mashine ya kufungia skrubu, iliyotumika, ikaniuma mfukoni lakini haikuniuma kiwikoni. Ukutani karakana nikaanza kuandika kwa penseli idadi ya mipira ya kila siku. Waamuzi wetu wanahesabu mipira ya ova kwa kokoto sita mfukoni, nami nikaiga, kila ova nahamisha kokoto moja kutoka mfuko huu kwenda ule. Nikaanza na mipira 36 kwa wiki, mwendo wa nusu, nikawa naongeza kidogo kidogo. Ikiuma wakati wa kurusha lakini kesho yake imetulia, naendelea. Kesho yake ikiwa imezidi, narudi nyuma hatua.

Na mazoezi. La kiwiko linataka nyundo tu. Kaa, laza mkono wako juu ya paja kiganja kikitazama juu, kitokeze nje ya goti, shika nyundo. Ipandishe kwa kusaidiwa na mkono wa pili, kisha ishushe mwenyewe taratibu ukihesabu moja, mbili, tatu. Mara 15, pumzika, mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Mwanzo shika mpini karibu na kichwa cha nyundo, ukizoea sogea nyuma, uzito wenyewe unaongezeka bila kununua kitu. La bega nilitumia tyubu ya baiskeli, na Tanga tyubu mbovu za baiskeli hazikosekani. Kata utepe, funga kwenye kitasa cha mlango, bana taulo kati ya kiwiko na mbavu, kisha vuta mkono kwenda nje bila taulo kudondoka. Wateja wangu walidhani nimepagawa. Wiki ya tano sikuona tofauti. Wiki ya tisa nilimenya mihogo ya kukaanga bila kufikiria, nikagundua nimeshamaliza sinia zima ndipo nikakumbuka kwamba nina kiwiko.

Soksi sikuitupa, ila niliibadilisha na matumizi yake. Dada fundi cherehani jirani yangu alinipima kwa tepu katikati ya musuli wa juu na sehemu nene ya chini ya kiwiko, nikaagiza kwa vipimo hivyo. Kumbe "laji" niliyouziwa ilikuwa inabana kwapani kuliko kiganjani, wakati inatakiwa ibane zaidi chini na ilegee ikipanda, damu ipate njia ya kurudi. Naivaa saa mbili tatu baada ya mechi, na wakati mwingine mchezoni kwa sababu ya michubuko nikijirusha kwenye mkeka. Siku ambayo bila soksi siwezi kurusha, basi siku hiyo sirushi. Kanuni yangu ni hiyo.

Usilale nayo. Mimi nililala nayo usiku mmoja, kiwiko kimekunjwa chini ya mto, nikaamka kidole cha mwisho na cha pete vimekufa ganzi kabisa, nikavipiga piga ukutani kama mwendawazimu. Neva inayokwenda kwenye vidole hivyo inapita juujuu nyuma ya kiwiko, palepale unapopigwa ukasikia umeme. Vidole vikibadilika rangi, vikipoa au vikichomachoma, vua. Mwenye kisukari kilichomharibia hisia, mwenye matatizo ya mishipa ya damu au kidonda cha ngozi, asivae bila kumuona daktari.

Halafu joto letu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, saa nane mchana uwanjani, mkono ndani ya soksi unachemka. Nilipata harara kuanzia kiwiko hadi kwapa. Sasa nina mbili za kubadilisha, nafua kwa sabuni laini siku hiyohiyo na kuanika kivulini. Jua kali linaua nyuzi zake za mpira, baada ya miezi michache inakuwa ya bodaboda.

Rangi nayo: tukicheza na mpira mweupe sivai nyeupe. Mpigaji mmoja alimlalamikia mwamuzi kwamba haoni mpira unapotoka mkononi, nikaamriwa kuvua katikati ya ova, na alikuwa na haki.

Jamaa mmoja hapo juu ameandika kwamba soksi zinavaliwa kuficha urushaji haramu, yaani kukunjua kiwiko kupita kiasi wakati wa kurusha. Sheria ya kimataifa tangu 2005 inaruhusu kiwiko kukunjuka hadi digrii 15, na kitambaa hakiwezi kubadili hilo. Muralitharan, mrushaji wa Sri Lanka aliyetuhumiwa hivyo, mwenye wiketi 800 za Test (mechi kubwa za kimataifa), mwaka 2004 alifungwa kifaa kigumu kinachozuia kiwiko kunyooka, akarusha mipira yake ileile mbele ya kamera. Na aliyesema ni fasheni ya mpira wa kikapu, hapo ana lake. Allen Iverson, nyota wa kikapu wa Marekani, alianza kuivaa 2001 kwa sababu kiwiko kilikuwa kimevimba kweli, waliomfuata wengi walikuwa wazima.

Mdogo wako wa miaka 13 usimnunulie. Kwa umri huo mifupa ya kiwiko bado ina sehemu laini za kukulia, na maumivu ya ndani ya kiwiko kwa mtoto mrushaji ni ya kusimamisha kurusha na kumpeleka apimwe. Uingereza kwa miaka mingi wamewawekea warushaji wa kasi walio chini ya miaka 13 kikomo cha ova 5 kwa mfululizo na 10 kwa siku, na wenyewe hofu yao kubwa ni mgongo, maana nyufa za mifupa ya kiuno ndizo zinazowamaliza warushaji wa kasi. Sisi huku mtoto akirusha vizuri tunampa mpira mpaka magharibi.

Na wewe, kama ulisikia "pa!" kiwiko kikavia damu, kama hakinyooki, au mkono mzima umevimba na kubadilika rangi, achana na uzi huu uende hospitali leo. Kama si hivyo, weka hapa mambo mawili: mipira uliyorusha kila wiki kwa wiki nne zilizopita, na kazi unayofanya kwa mkono huo. Ukijaza, nitakuambia mimi ningeanza na mipira mingapi.