Msako wa kulungu kwa kundi si ujangili

Kaka, umeiona video ya Wamarekani wakisaka kulungu kwa kundi ukawaita majangili, lakini hao si majangili. Majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu kusaka kulungu hivyo: wengine wanapita msituni kuwasukuma wanyama, wengine wamejipanga mbele na bunduki wakisubiri. Pennsylvania imeweka hadi kikomo, kundi lisizidi watu 25. Shemeji yangu anaishi huko na huwinda na majirani zake. Kabla hawajaanza, kila mwenye bunduki anaonyeshwa kwa kidole upande ambao ni marufuku kupiga, maana wenzake wanatokea huko, na wote wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa inayowaka.

Kinachoniuma mimi ni kumpiga mnyama akiwa mbioni. Risasi inaingia tumboni au mguuni, anajitupa kichakani na kufa taratibu. Mwindaji makini humwacha apite asiposimama, na akimjeruhi hufuata matone ya damu mpaka ampate.

Ila usije ukatoka Dar wikiendi na washkaji mkaige kwa swala wetu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka kibali, na kufukuza wanyama kwa gari ni kosa.