Ute si uchafu: majibu kwa wanaotumia vidonge vya majira

Nina miaka 24. Tangu nianze vidonge miezi miwili iliyopita natokwa na uchafu mweupe mwingi. Hauwashi wala haunuki. Je, vidonge vinaniharibu kizazi?

Kwanza tuliache hilo neno "uchafu". Tumelizoea mno, mpaka mtu akiona chupi imelowa kidogo anakimbilia sabuni. Huo ni ute, na uke wenye afya hutoa ute kila siku. Homoni za vidonge hubadilisha wingi na uzito wake: kuna wanaoongezewa ute, kuna wanaopungukiwa hadi wakahisi ukavu wakati wa tendo. Ukiwa mweupe au hauna rangi, hauwashi wala haunuki, uko salama, na kizazi chako hakijaguswa. Upe mwili miezi mitatu uzoee. Vaa chupi ya pamba, ibadilishe ikilowa, basi.

Zamani katikati ya mwezi niliona ute wa kuvutika. Sasa siuoni kabisa. Nimekuwa mgumba?

Hapana. Ute ule unaovutika kati ya vidole viwili kama ute wa yai la kuku huja siku ambazo yai linakaribia kutoka, na vidonge vingi kazi yake ni kulizuia lisitoke. Juu ya hapo, projestini, homoni iliyomo ndani ya vidonge, huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito na wa kunata, mbegu zishindwe kupenya. Ukiacha vidonge, utauona tena. Ila nawaonya wanaomeza vidonge leo, wanaruka kesho, huku wakihesabu siku za hatari kwa kuangalia ute: ukiwa kwenye vidonge, ute hausomeki.

Niko pakiti ya pili, natokwa na majimaji ya kahawia kabla hedhi haijafika. Niache?

Usiache. Kahawia ni damu kidogo iliyochelewa kutoka, na miezi mitatu ya mwanzo ni jambo la kawaida. Lakini kabla hujakilaumu kidonge, itazame pakiti yako. Dada mmoja aliniletea lalamiko kama lako, akiapa hajaruka hata siku moja. Nikamwomba pakiti, akaitoa kwenye mkoba: cha Jumanne kipo, cha Ijumaa kipo. Hakukusudia kudanganya; alisahau tu, na mwili wake ukamsema.

Vidonge vya homoni mbili (estrojeni na projestini), kikikupita kimoja, kimeze mara unapokumbuka, hata kama siku hiyo utameza viwili. Vikipita viwili au zaidi, meza kile cha karibuni ulichokiruka, endelea na pakiti, na tumia kondomu kwa siku 7. Vya homoni moja (projestini pekee), vile wanavyopewa wanaonyonyesha, vina masharti makali zaidi: baadhi havivumilii kucheleweshwa kwa zaidi ya saa tatu. Damu ikiendelea baada ya miezi mitatu, au ikitoka baada ya tendo, nenda ukapimwe.

Nawashwa sana na unatoka mzito kama maziwa mgando. Nimekunywa antibiotiki mara tatu, siponi.

Utaponaje? Maelezo yako yanafanana na fangasi, na antibiotiki huua bakteria, wakiwemo wale wanaoulinda uke. Kila dozi unayojinunulia inawapa fangasi nafasi. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na bado watu wanakwenda dukani kabla ya kwenda maabara. Pima kwanza, kisha upewe dawa ya fangasi kama klotrimazoli.

Nanuka shombo la samaki, hasa baada ya tendo, ingawa naosha kwa ndani na sabuni asubuhi na jioni. Ni vidonge?

Si vidonge, na huko kuosha kwa ndani acha leo hii. Uke una asidi yake, pH (kipimo cha asidi) ya kati ya 3.8 na 4.5, inayotunzwa na bakteria wema. Sabuni inawafagia, wabaya wanajaa, harufu inazidi, nawe unaongeza sabuni. Ute mwepesi wa kijivu wenye shombo mara nyingi ni dalili ya mvurugiko huo. Hupimwa na hutibiwa, mara nyingi kwa metronidazoli. Osha nje tu, kwa maji. Siki, ndimu, vitunguu saumu, dawa za kujifukiza na za "kubana", vyote visiingie humo. Ukiwa wa njano au kijani wenye povu, huenda ni trikomonasi, ugonjwa wa zinaa, na hapo mwenzio lazima atibiwe pamoja nawe.

Vidonge vinakinga magonjwa ya zinaa?

Hapana. Kondomu.

Kichefuchefu kinanisumbua, pia juzi kigimbi cha kushoto kimevimba na kinauma. Nihamishie vidonge usiku?

Kwa kichefuchefu, ndiyo, meza usiku baada ya chakula. Lakini hilo la pili umelitaja kama dogo, na ndilo lililonishtua. Mguu mmoja kuvimba na kuuma unaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mshipa. Hutokea kwa wachache, lakini huua. Maumivu ya kifua, pumzi kukata, kichwa kikali cha ghafla au macho kuingia giza, hayo nayo ni ya kukimbilia hospitali. Mvutaji sigara aliyefika miaka 35, mwenye presha ya kupanda, na mwenye kipandauso cha kuona mimweko hawafai vidonge vya homoni mbili, na anayekupa bila kukupima presha amekukosea. Wewe nenda hospitali leo, wapeleke pakiti waione, na cha usiku huu usikimeze mpaka daktari aukague mguu huo.