Pasipoti ya damu inamshikaje mtu kama hakuna dawa imepatikana?

Swali (msomaji wa Umoja, Nairobi):

"Daktari habari. Mdogo wangu ni mtimkaji, yuko kambini Iten mwaka wa tatu sasa. Mwezi uliopita walikuja watu saa kumi na mbili asubuhi wakamtoa mkojo na damu, wakamwambia damu ni ya pasipoti. Sielewi. Kama mkojo hauna dawa, hio damu wanatafuta nini ndani yake? Na mbona kuna watu wamepimwa miaka yote wakiwa safi halafu siku moja tunasikia wamepigwa marufuku? Na kuishi kule juu si kunaongeza damu, hiyo haiwezi kumletea shida? Nauliza juu hapa kwa ploti tangu amjengee mama nyumba watu wanasema anadunga, na mimi mwenyewe nimeanza kuogopa kumuuliza."

Jibu:

Asante dada yangu kwa kuandika. Mimi si daktari, mimi ni mtu wa maabara, nimeshika damu za watu hapa Nairobi kwa miaka mingi, kwa hivyo wacha nianzie kwa damu yenyewe halafu hayo ya ploti tutayafikia, sijayasahau.

Dawa inayosumbua sana mbio ndefu ni EPO. Hii ni homoni ambayo figo zako zinatengeneza kila siku, kazi yake ni kuambia uboho wa mifupa utoe seli nyekundu, zile zinazobeba oksijeni. Ile ya kutengenezwa ilikuja kusaidia wagonjwa wa figo, mtu yeyote aliye na mgonjwa wa dayalisisi anajua hio sindano na bei yake. Sasa mkimbiaji akijidunga kidogo kidogo usiku, kwa mkojo inaweza kupotea kwa siku chache sana, wakati mwingine chini ya hapo, na wapimaji wakifika wanakuta kumetulia. Lakini zile seli nyekundu zilizozaliwa kwa sababu ya sindano hazijaenda popote, seli nyekundu inaishi karibu siku 120. Mgeni ameshaondoka lakini vyombo alivyolia chakula bado viko mezani. Pasipoti, yaani rekodi ya vipimo vya damu vya mwanariadha mmoja vinavyowekwa pamoja mara kwa mara, haimtafuti mgeni, inahesabu vyombo.

Inahesabu vitu viwili hasa. Cha kwanza ni hemoglobini, hio unaijua, ndio wanakupima kliniki ukiwa mjamzito. Cha pili ni retikulosaiti, yaani seli nyekundu changa, zimetoka tu kwa uboho siku moja mbili zilizopita. Ukizipaka rangi ya bluu na kuziweka chini ya hadubini unaona ndani yake kama vipande vya uzi, vimekunjamana, na seli iliyokomaa haina huo uzi. Mimi nilifundishwa kuzihesabu kwa macho, seli elfu moja, kidole kikibonyeza kihesabio mpaka kinauma. Siku hizi ni mashine. Kwa mtu mzima wa kawaida unapata kama 1 kati ya kila seli 100, juu kidogo ama chini kidogo.

Sasa angalia hesabu, si ngumu. Unachukua hemoglobini kwa gramu kwa lita, unatoa 60 mara kipeuo cha pili cha asilimia ya zile seli changa. Mtu ana hemoglobini 150 na seli changa asilimia 1, kipeuo ni 1, kwa hivyo 150 toa 60 unapata 90, kawaida kabisa. Tuseme huyo huyo amedunga EPO wiki kadhaa kisha akaacha mbio kubwa ikikaribia. Mwili unaona damu imejaa, unafunga kiwanda. Hemoglobini sasa iko 170, lakini seli changa zimeshuka mpaka asilimia 0.25, kipeuo chake ni 0.5, mara 60 ni 30, 170 toa 30 ni 140. Damu nyingi lakini hakuna watoto. Mwili wenye afya haufanyi hivyo bila sababu, ni kama nyumba iliyojaa unga na kinu kimezimwa wiki tatu, lazima uulize huo unga ulitoka wapi. Na akipimwa siku zile bado anadunga inakuwa kinyume, seli changa zinafurika na ile namba inaanguka chini. Ndio maana wanarudi mara kwa mara bila kusema, grafu ya sampuli kumi inasema kitu ambacho sampuli moja haiwezi kusema.

Na hapa naomba usome polepole, juu ndipo watu wengi wanakosea. Mdogo wako halinganishwi na mimi ama na Mzungu wa Ulaya. Analinganishwa na yeye mwenyewe. Kila sampuli mpya inabana mpaka wake, kompyuta inasema kwa mtu huyu, kwa historia yake, namba inafaa kuwa kati ya hapa na hapa. Ikitoka nje ya mpaka haijawa hatia. Mpaka umewekwa hivi, kati ya watu 100 wasio na kosa 1 anaweza kuupita kwa bahati tu, na kwa sababu hio huwezi kumhukumu mtu na kompyuta. Faili inapelekwa kwa wataalamu bila jina, ni namba ya siri tu, hawajui kama ni Mkenya ama Mnorwe. Wataalamu watatu wote lazima wakubaliane kwamba uwezekano mkubwa ni pufya, yaani dawa za kusisimua misuli, na si ugonjwa wala kitu kingine. Mmoja akikataa, kesi haiendi. Baada ya hapo mwanariadha anaulizwa ajieleze, na maelezo yake yanarudi kwa hao hao watatu.

Milima sasa. Ni kweli, ukitoka Mombasa ukapanda Iten, mita kama 2,400 juu ya bahari, mwili unaanza kutoa seli changa nyingi siku za kwanza na hemoglobini inapanda polepole kwa wiki kadhaa. Ukishuka zile seli changa zinapungua. Hio ndio sababu fomu ya pasipoti inauliza umekuwa juu milimani wiki mbili zilizopita, wapi na kwa muda gani, inauliza pia kama umepoteza damu ama umeongezewa miezi mitatu iliyopita, na wanakuketisha dakika 10 kabla ya sindano, na kama umetoka mazoezini wanasubiri kwanza, juu kukimbia kunabadilisha maji ya damu. Kwa mtu anayeishi Iten mwaka mzima mlima si shida, ni sehemu ya namba zake. Shida ni asipoandika safari zake.

Tena Kenya tulikuwa na taabu nyingine ambayo watu hawaijui. Damu haikai, ikipata joto seli zinavimba na kupasuka, na sheria ya zamani ilikuwa ipimwe ndani ya masaa 36. Sasa fikiria tyubu ya kifuniko cha zambarau imetolewa Iten alfajiri, iteremke mpaka Eldoret, ipande ndege Nairobi, halafu ipande ingine ya nje. Nyingine zilikuwa haziwezi kufika. 2018 ndipo maabara ya damu hapa Nairobi ikaidhinishwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na pufya, kwa kazi ya pasipoti, na kwangu mimi hio ilifanya mengi kuliko hotuba zote nilizosikia.

Umeuliza mbona mtu safi miaka yote anashikwa baadaye. Mkumbuke Pamela Jelimo. London 2012 mita 800 alimaliza wa nne, akarudi nyumbani mikono mitupu. Aliyeshinda ni Mrusi, Mariya Savinova. 2017 Mahakama ya michezo CAS ikampokonya ile dhahabu, na ushahidi mkubwa ulikuwa pasipoti yake ya damu, pamoja na rekodi za siri alizochukua mwanariadha mwenzake, Yuliya Stepanova. Medali ikamfikia Jelimo miaka mingi baadaye, hakuna uwanja umejaa, hakuna wimbo wa taifa siku ile ilipofaa kuimbwa, na hilo linaniuma mpaka leo. Sampuli pia zinawekwa kwa friji mpaka miaka 10 zikisubiri sayansi iwe bora. Rashid Ramzi wa Bahrain alishinda mita 1500 Beijing 2008, damu ikapimwa upya ikapatikana EPO mpya inayoitwa CERA, dhahabu ikaenda kwa Asbel Kiprop wetu. Halafu Kiprop mwenyewe sampuli yake ya Novemba 2017 ikatoka na EPO, akakana, akapigwa marufuku miaka minne. Nilikuwa nampenda sana yule kijana akikimbia.

Na wakati mwingine hakuna maabara kabisa. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli Mmarekani, alishinda Tour de France mara 7 akisema kila siku amepimwa yuko safi, kilichomwangusha 2012 ni watu 26 kutoa ushahidi wa kiapo, 15 kati yao waendesha baiskeli. Wilson Kipsang alipigwa marufuku kwa kukosa kupatikana, si kwa dawa. Jemima Sumgong alishikwa na EPO, kisha miaka 4 ikaongezwa ikawa 8 juu ya stakabadhi za hospitali za uongo. Kwa hivyo nikisikia mtu anasema "amepimwa mara mia moja hana kitu" mimi huwa sijibu, hio sentensi haisemi chochote, si nzuri si mbaya.

Lakini dada yangu, tetesi nazo hazisemi chochote. Ruth Chepngetich alipokimbia marathoni 2:09:56 Chicago Oktoba 2024 aliulizwa waziwazi na waandishi kuhusu pufya, na Wakenya wengi tulikasirika, mimi nikiwa mmoja. Machi 14, 2025 mkojo wake ukapatikana na HCTZ, ile tembe ya presha ambayo mama zetu wanameza kila asubuhi. Inakojolesha, ndio maana imekatazwa, inaweza kupunguza makali ya dawa zingine kwenye mkojo. Maabara inaripoti kuanzia nanogramu 20 kwa mililita, yake ilikuwa 3,800. Hio si uchafu wa kijiko. Alikuja kusema alimeza dawa ya msichana wake wa kazi, akakubali kosa, miaka 4 ikapunguzwa ikawa 3. Ile rekodi ya Chicago? Iko palepale, juu ushahidi unaanzia Machi 14 na hakuna kilichothibitishwa nyuma ya hapo. Waliomshuku Oktoba hawakuwa na kitu mkononi, na sheria haikuwapa hata baada ya yeye kushikwa. Mimi naona hio ni haki, hata kama inakwaza roho.

Kwa hivyo nyumba ya mama si ushahidi. Ila sitakudanganya kwamba hofu yako ni ya bure. Mwaka jana kijana alikuja kwetu kaunta na kocha wake, amevaa tracksuti ya kambi, anataka kujua hemoglobini na retikulosaiti, "hizo mbili tu", atalipa keshi na asiandikwe jina. Mgonjwa wa malaria haulizi retikulosaiti. Nilimkatalia, kocha akanitukana, yule kijana akawa anaangalia viatu vyake tu. Alikuwa na miaka kama 20. Nilishindwa kulala siku hio.

Muulize mdogo wako, lakini usianze na "wanasema". Mwambie akuonyeshe nakala ya ile fomu aliyopewa siku walipomtoa damu. Kuna sehemu ya dawa zote alizotumia siku 7 zilizopita, soma naye. Kama alidungwa goti kliniki fulani na haijaandikwa, ama kuna tembe za kemisti hajui jina lake, apigie ADAK, shirika la Kenya la kupambana na pufya, kabla hajatumia kingine, sindano nyingi za goti zina kotikosteroidi ambazo tangu 2022 zimekatazwa wakati wa mashindano kwa njia yoyote ya sindano. Na muulize lile saa lake moja la kila siku, lile analowaambia wapimaji watampata mahali fulani, ameliweka wapi wiki ijayo, kama anakuja Nairobi kukuona abadilishe kabla hajapanda matatu, akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12 hakuna damu safi itamsaidia.