Kwa nini mawingu ya kasi ya haidrojeni hayaonekani kwenye kichujio changu?

Swali: Nina darubini ya kupigia picha na kichujio cha haidrojeni-alfa (mwanga mwekundu wa haidrojeni) chenye upana wa nanomita 3. Ramani za redio zinaonyesha mawingu ya kasi (mawingu ya gesi yasiyofuata mzunguko wa galaksi yetu) yaitwayo Complex C yakiwa yametanda sehemu kubwa ya anga, lakini picha zangu za saa nyingi hazina kitu. Nitafute darubini kubwa zaidi? Na ikiwa gesi hiyo ni ya atomi nzima, mwanga wa haidrojeni iliyoionishwa (iliyong'olewa elektroni) unatoka wapi?

Jibu: Nianze na swali la pili. Mawimbi ya redio ya sentimita 21, ambayo Muller, Oort na Raimond waliyatumia kuyagundua mawingu haya mwaka 1963, hutoka kwenye atomi ambazo bado zina elektroni zake. Lakini mwanga wa urujuanimno unaoponyoka kutoka kwenye nyota changa za galaksi yetu huifikia gesi hiyo na kuzing'oa elektroni. Elektroni ikirudi kwenye protoni hushuka ngazi kwa ngazi, na karibu nusu ya marejeo hayo hutoa fotoni nyekundu ya nanomita 656.28. Hiyo ndiyo unayoiwinda. Usitegemee ifanane na ramani ya redio: redio huhesabu atomi, ilhali mwanga huu hufuata mraba wa msongamano.

Darubini kubwa? Hapana. Kwa kitu kilichotanda hivyo, kioo kikubwa hukipa picha kubwa zaidi, si anga yenye kung'aa zaidi. Kinachokukwamisha ni kichujio. Nanomita 3 ni sawa na kasi ya takriban kilomita 1,400 kwa sekunde, kwa hiyo kinapitisha kila kitu kwa pamoja: wingu lako, gesi ya kawaida ya galaksi, na haidrojeni ya tabaka la juu la angahewa ya Dunia yenyewe. Hii ya mwisho ndiyo adui mkuu. Hung'aa kwa Rayleigh kadhaa (Rayleigh moja ni fotoni milioni moja kwa sekunde kutoka kwenye nguzo ya anga yenye eneo la sentimita moja ya mraba), wakati mawingu ya Complex A, C na M hutoa takriban Rayleigh 0.1 tu.

Kinachoyatenganisha ni kasi. Wingu linalotujia kwa kilomita 150 kwa sekunde husogeza mstari wake (urefu wa wimbi wa mwanga wake mwekundu) kuelekea bluu kwa nanomita 0.33. Ni kidogo, lakini kinatosha ukiwa na spektromita ya Fabry-Perot, chombo kinachotenganisha mwanga kwa tofauti ndogo sana za urefu wa wimbi. Chombo kiitwacho WHAM, kilichofanya kazi Kitt Peak nchini Marekani kisha kikahamishiwa Cerro Tololo nchini Chile, hutenganisha kasi zinazopishana kilomita 12 kwa sekunde kikiwa na kioo cha mita 0.6 tu! Gharama yake ni picha yenyewe: kila mtazamo hukusanya mwanga wa duara la nyuzi moja, mara mbili ya upana wa Mwezi, kuwa spektra moja, yaani grafu ya mwanga kwa kila urefu wa wimbi.

Hata hapo kazi haijaisha. Angahewa ina mistari hafifu ya aina nyingi, ukiwemo wa hidroksili (molekuli ya oksijeni na haidrojeni) ulio takriban kilomita 272 kwa sekunde upande wa nyekundu wa mstari wa haidrojeni ya angahewa, unaosumbua sana kwa mawingu yanayotukimbia. Ndiyo maana tunapima pia sehemu jirani isiyo na wingu, kisha tunatoa spektra hiyo kwenye ile ya wingu. Majira nayo tunayachagua: Dunia hulizunguka Jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, hivyo mstari wa angahewa na ule wa wingu hukaribiana au kuachana kadiri mwaka unavyokwenda.

Ukipata mstari, kuwa mwangalifu unapoutafsiri. Ingekuwa ni mwanga wa galaksi yetu pekee unaozing'oa elektroni, mng'ao ungetupa makadirio ya umbali. Lakini Mkondo wa Magellan, utepe mrefu wa gesi unaoziandama galaksi ndogo jirani zetu, hung'aa kupita hesabu hiyo katika sehemu kadhaa, kwa hiyo mimi huuamini zaidi umbali unaopimwa kwa nyota zilizo mbele na nyuma ya wingu.

Ukitaka data, ramani ya WHAM ya anga ya kaskazini iko wazi kwa umma, ila kasi zake huishia karibu na kilomita 100 kwa sekunde kila upande. Sehemu kubwa ya Complex C iko nje ya hapo. Tafuta vipimo vilivyolengwa kwa mawingu yenyewe.